Riwaya Inapotakiwa Kuruka: Ndege ya Majini ya Jules Verne Katika Simuleta

Utangulizi

Uhakiki wa riwaya za kisayansi umetawaliwa kwa muda mrefu na swali moja: je, mwandishi alibashiri sawasawa? Jules Verne, Mfaransa aliyeaga dunia mwaka 1905, amepimwa kwa kipimo hicho pengine kuliko mwandishi mwingine yeyote. Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo ni finyu. Zoezi ambalo aghalabu huchukuliwa kuwa mchezo tu, yaani kuunda chombo cha kubuni ndani ya simuleta ya ndege, linaweza kumpa mhakiki swali lililo bora: riwaya imenyamaza wapi, na kwa nini?

Chombo na msimulizi wake

Riwaya inayohusika ni Maître du monde (1904). Inasimuliwa katika nafsi ya kwanza na John Strock, inspekta wa polisi wa Marekani, anayemsaka mvumbuzi Robur. Chombo cha Robur, L'Épouvante, ni gari barabarani, mashua majini, nyambizi chini ya maji na ndege angani. Kilele cha msako hutokea katika Mto Niagara. Manowari mbili zinakifukuza chombo. Kinapofika kwenye ukingo wa maporomoko, kinakunjua mabawa na kupaa.

Akina Wright walirusha ndege yao kwa mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1903. Ndege yenye injini haikuwahi kujiinua kutoka majini hadi tarehe 28 Machi 1910, Henri Fabre alipofanikiwa katika Étang de Berre, kusini mwa Ufaransa. Kwa kuziweka tarehe hizi sambamba, ni rahisi kumtawaza Verne nabii wa ndege za majini. Hata hivyo, sifa hiyo inampuuza msimulizi. Strock ni mateka, si mhandisi. Anaona magurudumu manne, turbini na mabawa yaliyokunjwa ubavuni. Anaelewa kwamba chombo kinaendeshwa kwa umeme, lakini asili ya umeme huo hafichuliwi. Hatimaye radi inakipiga chombo juu ya Ghuba ya Meksiko, na siri inaangamia. Kutojua kwa Strock, basi, si kasoro ya usanii. Ndiko kunakokiwezesha chombo kuruka.

Simuleta kama msomaji

Roman Ingarden, katika kazi yake ya mwaka 1931, alionyesha kwamba kitu kinachosawiriwa katika fasihi daima huwa na sehemu zisizobainishwa. Wolfgang Iser aliiendeleza hoja hiyo katika miaka ya 1970 kwa kusisitiza nafasi ya msomaji katika kuyajaza mapengo. Msomaji wa kawaida, lakini, ana uhuru wa kuliruka pengo. Simuleta haina uhuru huo. Inadai uzito, upana wa bawa, nguvu ya injini na mahali penye kitovu cha uzito. Bila tarakimu hizo hakuna chombo.

Hapa historia ya simuleta zenyewe ina umuhimu. Edwin Link aliunda mashine yake ya kuwafunzia marubani mwaka 1929. Mwaka 1979 Bruce Artwick, kupitia kampuni ya subLOGIC, aliihamishia shughuli hiyo kwenye kompyuta ndogo ya Apple II, na toleo la Microsoft likafuata mwaka 1982. Baadaye zilijitokeza njia mbili za kuunda ndege. Katika njia ya kwanza, iliyotumiwa kwa miaka mingi katika programu za Microsoft, muundaji huandika majedwali ya tabia: ndege huruka kama ilivyoelezwa kuwa inaruka. Katika njia ya pili, ambayo ni msingi wa X-Plane ya Austin Meyer, programu huligawa bawa katika vipande na kukokotoa nguvu inayokikabili kila kipande kutokana na umbo lake. Njia ya kwanza inafanana na kauli ya msimulizi: chombo kinaruka kwa sababu imesemwa. Njia ya pili haikubali kauli, inataka ushahidi.

Anayekiunda L'Épouvante kwa njia ya pili hugundua upesi jinsi matini isivyomtosheleza. Huenda akategemea michoro ya George Roux iliyoambatana na riwaya, na hapo mhakiki hana budi kutenganisha kilichosemwa na Verne na kilichoongezwa na mchoraji. Mabawa yanayopiga hewa kama ya ndege mnyama ni tatizo jingine, kwani ndege za majini za kweli zilifuata bawa tulivu na rafadha.

Lakini zoezi hili halifichui upungufu tu. Kikwazo kikubwa cha ndege ya majini ni maji kuling'ang'ania tumbo la chombo. Ndiyo sababu Glenn Curtiss aliongeza kidato chini ya tumbo la mashua zake za kuruka mwaka 1912. Katika Niagara, mto wenyewe unaondoka chini ya chombo. Maporomoko yana kimo cha takriban mita 50, na kitu kinachoanguka kimo hicho hufikia kasi ya kama kilomita 110 kwa saa. Mahali palipochaguliwa kwa taharuki ndipo pia panapokipunguzia chombo kizuizi kikubwa zaidi. Msomaji anayetafuta ubashiri peke yake hawezi kuuona uwiano huu wa tukio na mandhari.

Hitimisho

Yaweza kupingwa kwamba chombo kilichokamilishwa kwa tarakimu si cha Verne tena. Pingamizi hili ni la kweli, nalo linahusu kila fasiri. Mwigizaji anayempa mhusika sauti, na mfasiri anayechagua neno moja kati ya matatu, nao pia huziba mapengo. Tofauti ni kwamba muundaji wa simuleta analazimika kuacha rekodi ya kila alichokiongeza. Orodha hiyo ya nyongeza ina thamani kwa uhakiki kuliko urukaji wenyewe, kwa kuwa ndiyo ramani ya ukimya wa riwaya. Verne alimwangamiza Robur ili ukimya huo usivunjwe. Anayekiunda chombo upya anapaswa kujua ni nini hasa anachokivunja.