SURUALI ZA MADEREVA WA LONDON

Leo somo letu la historia si la wafalme wala la vita. Ni la suruali. Ninyi mnaoendesha malori ya safari ndefu, sogezeni viti karibu na redio.

Zamani mabasi ya mji wa London, Uingereza, yalikuwa ya ghorofa, na kila gari lilikuwa na watu wawili kazini. Dereva alikaa kitini karibu kutwa nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tikiti, vidato zaidi ya 500 kwa siku. Daktari mmoja, Jerry Morris, alichunguza maradhi ya moyo kwa wanaume wapatao 31,000 wa usafiri wa mji ule. Habari zake zilitolewa mwaka 1953: makondakta waliugua kwa uchache kuliko madereva, tena waliougua walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima zaidi.

Pengine utabisha: je, si wasiwasi wa barabara unaomwumiza dereva? Swali zuri. Morris alitazama pia watu wa posta. Waliogawa barua kwa miguu na kwa baiskeli walikuwa na nafuu kuliko makarani wa mezani, na karani haogopi kugonga mtu.

Mwaka 1956 yeye na wenzake wakasoma daftari za sare. Viuno vya suruali za madereva vilikuwa vipana kuliko vya makondakta wa umri ule ule, hata kwa vijana! Basi hawakuweza kusema kiti peke yake ndicho kilicholeta kitambi. Huenda wanene walipenda tangu mwanzo kazi ya kukaa. Napenda uaminifu huo. Morris mwenyewe aliishi miaka 99, akafariki mwaka 2009.

Sasa tazama lori liendalo Tunduma kutoka Dar es Salaam. Utingo hufunga turubai, huinama kukagua magurudumu. Dereva hukaa, na kwenye foleni ya mizani huletewa chipsi na soda dirishani. Kitambi twakiita cha heshima. Mimi nimepongezwa kwa changu. Bwana dereva, foleni ikikawia, zima gari, shuka, lizunguke mara kumi, kaza kamba pamoja na utingo wako. Kunywa maji. Penye mama ntilie, agiza maharage na mboga za majani.

Zoezi: pima kiuno chako kwa uzi, kisha pima suruali uliyovaa ulipopata leseni. Andika tarakimu zote mbili daftarini.