Cheti cha usalama wa tovuti: ni bure, ila lazima kihuishwe

Cheti cha usalama huthibitisha anwani ya tovuti na kuyafumba mawasiliano, ili neno la siri la mteja lisidakwe njiani. Mwenye duka wa Shika Adabu, Likoni, anayeuza bidhaa kwenye intaneti anaweza kukipata bila malipo kutoka Let's Encrypt, huduma iliyofunguliwa kwa umma nchini Marekani mwaka 2015.

Muda wa cheti ukiisha, kivinjari humwonya mteja, naye huenda kwingine. Tangu Juni 2025, huduma hiyo haitumi tena barua pepe za kukumbusha. Na kuanzia Machi 2029, vyeti vya tovuti havitaruhusiwa kuzidi siku 47.

Suluhisho ni Certbot, programu huria isiyolipiwa. Ikishawekwa kwenye seva, hukagua vyeti kila siku na kuhuisha kinachokaribia kuisha.