Wanaume wa Kilo 48

Gunia la mahindi hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, ni kilo 90. Mfuko wa sukari ni 50. Stephen Muchoki, bingwa wa dunia wa ndondi za ridhaa mwaka 1978, hakuruhusiwa kuzidi kilo 48 alipopanda mizani. Wakati huo nilikuwa kijana wa kupakua malori, na kutwa nzima nilibeba mgongoni vitu vizito kumshinda bingwa wa dunia. Vijana wa siku hizi wanaosubiri makaratasi ya forodha nikiwatajia jina lake wananitazama tu. Wao wanamjua Mayweather. Sawa, huyo naye tutamfikia.

Nianze na rekodi, maana watu wa mpakani ni wabishi. Uzani huo mwepesi kuliko wote uliingia Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1970 mjini Edinburgh, na dhahabu ya kwanza ikaenda kwa James Odwori wa Uganda. Ita jina la Odwori sokoni Busia, au shuka nalo hadi Funyula, uone watakaogeuka. Ni jina la Wasamia wa huku na wa ng'ambo ya mto Sio, kwa hiyo wazee wetu walimhesabu kuwa wao bila kumwuliza pasipoti. Mwaka 1974 Muchoki akaileta dhahabu hiyo Kenya, na mwaka 1978 akairudia. Mwaka 1982 ikawa zamu ya Abraham Wachire. Mwaka 1986 Kenya na Uganda zilisusia michezo, na 1990 Justin Juuko akairudisha Kampala. Hadi hapo, kila mara nchi hizi mbili, au hata mojawapo, ilipopeleka bondia, hakuna mgeni aliyeigusa dhahabu ile.

Mimi mwenyewe nilifundishwa na fundi baiskeli wa Busia, Mganda aliyewahi kupigana katika timu ya magereza ya kwao kabla ya kukimbia enzi za Rais Idi Amin. Begi letu la mazoezi lilikuwa gunia la kahawa lililojazwa maranda na matambara, limening'inizwa kwenye mwembe. Magunia ya kahawa hayakuwa haba. Hizo ndizo zama za magendo ya kahawa ya Uganda kupitia Chepkube, baada ya baridi kuunguza kahawa ya Brazil mwaka 1975 na bei kuruka. Fundi alikuwa akilaza chini tairi kuukuu la lori, wawili tunatia mguu wa mbele ndani yake, kisha tunachapana. Anayetoa mguu kashindwa. Alituambia mtu mdogo hana konde moja la kumaliza kazi, sharti akae karibu na asiache kurusha. Mbavu, tumbo, mbavu tena, halafu juu.

Mafunzo hayo niliyaona yakifanywa na mtu mwingine kabisa miaka kadhaa baadaye, kwenye kibanda cha video mtaa wa Sofia pale Busia, jenereta ikinguruma nje. Kanda ilikuwa imechakaa, ina mistari kama mvua. Alikuwa Chang Jung-koo, Mkorea mzaliwa wa Busan, akipigana na Sot Chitalada wa Thailand mwaka 1984. Walimwita Mwewe wa Korea. Chang alikuwa bondia wa kulipwa, mpaka wake kilo 49, na alipigana kana kwamba yumo ndani ya lile tairi letu: kichwa kifuani mwa mwenzake, mikono haipumziki. Mkanda wa dunia wa WBC aliuchukua Machi 1983 kwa Hilario Zapata wa Panama, aliyekuwa amemshinda mwaka uliotangulia, akautetea mara 15 hadi alipouachia 1988. Mkorea mwenzake, Yuh Myung-woo, akaushika ule wa WBA kuanzia 1985 na kuutetea mara 17 mfululizo.

Nisikilizeni hapa. Kwa ngumi, Chang hakumzidi Muchoki kwa kiasi hicho. Alimzidi kwa ulingo. Mapambano yake ya ubingwa karibu yote yalifanyika kwao, ukumbi umejaa, televisheni inaonyesha, promota analipa, na serikali iliyokuwa ikijiandaa kwa Olimpiki ya Seoul ilipenda kuona bendera ikipanda. Mpinzani ndiye aliyepanda ndege. Kwetu bondia alilelewa na jeshi, polisi, magereza au reli. Alipata mshahara na godoro, lakini akitaka kulipwa kwa ngumi zake hapakuwa na mtu wa kumwandalia pambano. Philip Waruinge alihamia Japani. Ayub Kalule wa Uganda alikwenda Denmark, na Muchoki akafuata njia hiyo hiyo. Nafasi yake ya taji la dunia aliipata Copenhagen mwaka 1982, dhidi ya Santos Laciar wa Argentina, akasimamishwa.

Hata Olimpiki ilimpita Muchoki. Mwaka 1976 Amin alidai ardhi ya magharibi ya Kenya, na hapa Malaba hali ikachacha, mafuta ya kwenda Uganda yakakwama. Julai mwaka huo huo, serikali hizo hizo zisizosalimiana zikaafikiana jambo moja: kuondoka Montreal kwa sababu ya raga ya New Zealand na Afrika Kusini. Siwalaumu, ubaguzi ulistahili kususiwa. Lakini dhahabu ya kilo 48 ilichukuliwa na Jorge Hernández wa Cuba, aliyemshinda Muchoki kwenye fainali ya dunia ya Havana 1974, na fedha ikaenda kwa Ri Byong-uk wa Korea Kaskazini. Muchoki alikuwa nyumbani. Mwaka 1980, Moscow, Kenya haikwenda tena.

Chang aliingizwa kwenye Jumba la Mabondia Mashuhuri kule Marekani mwaka 2010, na Yuh akamfuata 2013. Juuko, yule wa dhahabu ya 1990, aliona mapema kwamba uzani wake hauna pesa huku kwetu. Akala, akapanda, akaendelea kupanda, hadi Mei 1999 alipoingia ulingoni Las Vegas akiwa mtu wa kilo 59 kuwania mkanda wa Floyd Mayweather. Alihimili hadi raundi ya tisa.