Kazi za Mikono na Ufundishaji wa Kihispania kwa Watoto Wanaoanza

Katika shule za msingi za Marekani, somo la Kihispania kwa watoto wadogo mara nyingi hujulikana kwa mabaki yake: vipande vya karatasi za rangi sakafuni, gundi iliyokauka mezani, na piñata iliyotundikwa darini. Wazazi hupendezwa, na mwalimu mkuu hupiga picha. Makala hii inadai kwamba kazi nyingi za namna hiyo si somo la lugha hata kidogo. Kazi ya mikono inayofundisha Kihispania inaweza kutofautishwa na ile inayokiweka pembeni kwa kuuliza swali moja tu: mtoto asiyeelewa hata neno moja la Kihispania angeweza kuimaliza? Kama angeweza, basi lugha hapo ni pambo.

Tuanze na muda, maana ndio ulio adimu. Tuchukue darasa lenye vipindi viwili vya nusu saa kwa wiki, kwa wiki 30. Hizo ni saa 30 kwa mwaka mzima. Piñata ya magazeti na uji wa unga wa ngano inaweza kumeza vipindi vitatu, na katika vipindi hivyo watoto huomba mkasi, hugombana na hulalamika kwa Kiingereza. Hali ni tofauti kabisa katika shule kama Coral Way ya Miami. Tangu mwaka 1963 shule hiyo iliwaweka pamoja watoto wa wakimbizi kutoka Kyuba na wenzao wanaozungumza Kiingereza, ikaigawa siku ya masomo baina ya lugha hizo mbili. Hali ni hiyo hiyo katika mpango wa Culver City, California, ulioanza mwaka 1971, ambako masomo ya kawaida yalifundishwa kwa Kihispania. Huko watoto wana ruhusa ya kubandika watakavyo, kwa kuwa hata gundi inaombwa kwa Kihispania. Mwenye saa 30 hana anasa hiyo.

Aliyeipa fikra ya kujifunza lugha kwa mwili sura ya mbinu kamili ni James Asher, mwanasaikolojia wa San José State. Majaribio yake ya mwanzo, katika miaka ya 1960, yalihusu Kirusi na Kijapani, na makala yake ya mwaka 1969 katika The Modern Language Journal ingali inarejelewa. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto anayejifunza lugha ya mama huagizwa na kutii kwa miezi mingi kabla hajaunga sentensi, na kwamba mwanafunzi wa lugha ya kigeni astahili ukimya huo huo. Wafuasi wake wengi wamechukua kuruka na kupiga makofi, wakaacha sharti ambalo Asher mwenyewe alilitilia mkazo: mwanafunzi apewe pia maagizo ambayo hajapata kuyasikia kwa mpangilio ule. Mtoto aliyezoea kuambiwa aweke penseli juu ya kiti siku moja anaambiwa aweke kiti juu ya penseli: pon la silla encima del lápiz. Akisita na kucheka, amesikia. Akiweka penseli juu ya kiti kama jana, alikuwa anakumbuka utaratibu tu.

Kasoro inayojulikana ya mbinu hii ni kuigana. Darasa zima likiambiwa liruke, anaelewa mmoja na waliobaki wanamfuata kwa macho. Dawa yake ni kumwagiza mtoto mmoja mmoja, na hapo kuna faida ya kisarufi ambayo, kwa maoni yangu, haijapewa uzito wake. Agizo la kawaida kwa mtu mmoja, kama vile salta, toca au abre, lina umbo lile lile la kitenzi cha nafsi ya tatu umoja katika wakati uliopo. Mtoto aitwaye Ana akiambiwa salta, akaruka, mwalimu anawageukia wenzake na kuwaambia: Ana salta. Hakuna umbo jipya lililoongezwa, na tayari masimulizi yameanza. Agizo kwa kundi halina mlango huo, kwani watu wa Amerika ya Kilatini husema salten na wa Hispania saltad. Ni kweli kwamba vitenzi kadhaa vya kila siku vinakaidi (pon, ven, haz), na siéntate hugeuka kuwa se sienta, lakini vinavyotii ni vingi kuliko mahitaji ya mwaka wa kwanza. Si ajabu kwamba Blaine Ray, mwalimu wa Kihispania wa sekondari huko California, alianzia kwenye maagizo ya Asher akafika kwenye mbinu ya kufundisha kwa hadithi.

Mkono unaweza pia kufundishwa sarufi ambayo mdomo bado hauiwezi. Mwalimu anaweka mezani duara jekundu na nyota nyekundu za karatasi. Duara ni círculo, nomino ya kiume. Nyota ni estrella, ya kike. Anasema: dame la roja. Umbo hakulitaja, na rangi ni ile ile. Kinachoamua ni la na irabu ya mwisho ya roja. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapa, kwani mbele ya vitu hivyo hivyo akiambiwa “nipe jekundu” mkono wake utakwenda kwenye duara bila kufikiri. Mtoto wa Kiingereza hana kitu cha namna hiyo katika lugha yake, na sikio lake limezoea kuziruka silabi zisizo na mkazo. Akishaimudu nyekundu, mwalimu anaongeza duara na nyota za buluu. Azul haibadiliki kwa jinsi, kwa hiyo dame el azul inamwachia kidokezo kimoja tu, nacho ni kifupi mno. Kazi hii inahitaji vipande vinne vya karatasi na dakika tano. Haipendezi kwenye picha.

Kwa darasa zima, sijaona zana inayoizidi lotería ya Meksiko. Ina kadi 54, na kila mchezaji ana ubao wenye picha 16 anazozifunika kwa punje za maharage kila kadi inapotajwa. Mbao hizo huzuia udanganyifu, maana ubao wa jirani ni tofauti na wa kwako na kumwiga hakusaidii. Kwa desturi msomaji wa kadi hataji jina moja kwa moja. Hutoa fumbo au maneno ya mzaha. Mwalimu anaweza kuanza kwa kutaja el gallo, jogoo, na baada ya wiki chache akasema tu kwamba ana manyoya na huimba asubuhi: tiene plumas y canta por la mañana. Hicho ni kitendawili, na jibu lake ni punje ya haragwe mahali pake. Ila kadi zipitiwe kwanza. Seti ya jadi ina El borracho, mlevi, na ina El negrito na El apache, picha zilizobeba dharau za karne ya 19. Mwalimu anayeziingiza darasani bila kuzitazama asishangae mzazi akija kuuliza.

Je, sanaa itupwe? La. Papel picado, karatasi zinazokunjwa na kukatwa matundu kwa ajili ya sikukuu, ni kazi ile ile ya mkasi, lakini inaweza kugeuzwa. Mwalimu anaficha karatasi yake chini ya meza na kutoa maagizo matatu tu, dobla, corta, abre (kunja, kata, fungua), akibadili mahali na idadi. Asiyesikia anakata upande usio wake, na karatasi ikifunguliwa kosa linaonekana. Tofauti yake na piñata si utamaduni, kwa kuwa zote ni za Meksiko. Ni kwamba hapa hakuna cha kutazama, na anayetaka kumaliza hana budi kusikiliza.

Kuna pingamizi zito zaidi, kwamba kuanza mapema hakuna tija. Mradi wa Kifaransa katika shule za msingi za Uingereza, wa mwaka 1964 hadi 1974, ulianza na watoto wa miaka minane. Ripoti ya Clare Burstall ilihitimisha kwamba hawakuwazidi kwa kiasi kikubwa wenzao walioanza na miaka 11, isipokuwa katika kusikiliza. Utafiti wa Barcelona uliohaririwa na Carmen Muñoz na kutolewa mwaka 2006 ulikuta kwamba, kwa saa zile zile za Kiingereza, walioanza wakiwa wakubwa hutangulia. Nayakubali matokeo hayo. Yanamaanisha kwamba saa 30 hazitazaa watoto wanaozungumza Kihispania, na shule inayowaahidi wazazi hivyo inawadanganya. Lakini kusikiliza ndiko hasa kazi hizi zinakokunoa, na ndiko kunakosahauliwa wakati wa kupima.

Majaribio ya mwisho wa muhula huwa karatasi ya kuunganisha neno na picha kwa mstari, yaani hupima kusoma. Kipimo kinachostahili ni mtoto mmoja, mwalimu mmoja, vitu sita mezani na maagizo manne mapya, kwa mfano pon la estrella debajo del vaso, weka nyota chini ya glasi. Mwalimu anaandika mkono ulikwenda wapi, na kama ulikosea, ulikosea kitu, mahali au jinsi. Dakika mbili zinatosha. Kwa watoto 24 ni dakika 48, nazo zinaweza kugawanywa katika vipindi vinne huku wengine wakicheza lotería peke yao, msomaji wa kadi akiwa mmoja wao.