Kasri la Kifalme, Phnom Penh

Kasri hili la ukingoni mwa mto Tonle Sap lilianza kujengwa mwaka 1866, Mfalme Norodom alipohamishia makao makuu ya Kamboja hapa kutoka Oudong. Wafalme hutawazwa katika Ukumbi wa Kiti cha Enzi, wenye mnara wa mita 59, uliozinduliwa mwaka 1919. Sakafu ya Hekalu la Fedha imetandikwa vigae zaidi ya 5,000 vya fedha halisi.

Mbele ya kasri, mto hugeuza mkondo kila mwaka. Mwezi Novemba, maji yanaporudi kuelekea baharini, maelfu hujaa ukingoni kutazama mashindano ya mitumbwi.

Mfalme bado anaishi humu, hivyo baadhi ya majengo hayafunguliwi kwa wageni.