Nguvu (programu ya Nyarugusu)

Nguvu ni programu ya ushauri wa kisaikolojia kwa vikundi, iliyobuniwa kwa ajili ya wanawake wa Kikongo katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, mkoa wa Kigoma. Kambi ilifunguliwa mwaka 1996 kupokea waliokimbia vita vya Kivu Kusini, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Walengwa ni wanawake waliofanyiwa ukatili na wenzi wao, wenye sonona au kiwewe. Vikao ni 8. Wanaoviongoza si madaktari bali wakimbizi waliopewa mafunzo, na hapo ndipo ilipo thamani yake kubwa, kwa kuwa wataalamu wa afya ya akili ni haba. Washiriki hujifunza kuchunguza fikra zinazowaandama baada ya tukio, na hushauriwa kuhusu usalama wao nyumbani.

Nguvu hufanyika ana kwa ana. Programu nyingine ya kisaikolojia kwa vikundi, Self-Help Plus ya Shirika la Afya Duniani, kwa upande wake hutumia sauti iliyorekodiwa: vikao 5, watu hadi 30. Matokeo ya majaribio yake kwa wanawake wa Sudan Kusini walioko Rhino Camp, Uganda, yalichapishwa mwaka 2020.