Halima na mlango wa tembe la Kwihara



Sisi watu wa visiwani tukisikia mlango wa nakshi tunawaza Mji Mkongwe au Lamu. Lakini upo mwingine bara kabisa, Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora mjini, kwenye njia ya zamani ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Nyumba yenyewe ni tembe: kuta nene za udongo zinazopoza jua la Unyamwezi, paa bapa la miti lililofunikwa udongo, baraza mbele, ua ndani. Mpango huo tunaujua sote. Mgeni wa kiume huishia barazani, wanawake wakawa na nafasi yao uani.

Leo ni makumbusho yanayohifadhiwa kama mambo ya kale, na inaitwa tembe la Livingstone. Alikaa humo mwaka 1872. Stanley aliondoka Machi, yeye akabaki kungoja wapagazi mpaka Agosti.

Sisi tungependa itajwe pia kwa jina la Halima, mpishi wake, mke wa Amoda. Siku moja Halima aligombana na Ntaoeka, mwanamke mwenzake wa msafara, akaondoka zake. Livingstone akatuma barua imfuate. Kumbe bibi alirudi mwenyewe, ila kuingia hataki. Anangoja nje mpaka bwana atoke amwambie aingie. (Nani kati yetu hajawahi kurudi kwa namna hiyo!) Akatoka, akamwambia aingie na asigombane tena, kisha akampa nguo nzito ya baridi.

Kwenye shajara yake aliandika kuwa hajawahi kumkemea, na kwamba Halima haibi wala hamwachi mumewe aibe. Akaongeza kuwa wakifika Unguja atampa uhuru wake na kumnunulia nyumba yenye bustani. Maana Halima, pamoja na sifa zote hizo, alikuwa bado hajawa huru.

Livingstone alifariki Mei 1873, mbali kusini, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake wakaubeba mwili wake hadi pwani, Halima akiwamo, na mwaka 1874 wakafika Bagamoyo, kisha Unguja. Mwaka huohuo shajara ilichapishwa London. Mhariri wake, Horace Waller, aliweka maelezo mafupi chini ya ukurasa: Halima aliufuata mwili hadi Unguja, na utumishi wake wa miaka yote haukulipwa chochote.